Viashiria vinavyong'aa: Jinsi mwangaza unavyofichua seli za saratani

SI ajabu, katika maduka ya Makutano mjini Meru au katika mitaa ya biashara mjini Embu, kukuta taa ndogo ya rangi ya zambarau kando ya sanduku la pesa. Mteja anapotoa noti ya Sh1,000, mwenye duka huipitisha chini ya taa hiyo, na alama ambazo jicho halikuziona hapo awali hung'aa ghafla. Noti bandia huumbuka papo hapo kwa kukosa alama hizo.

Ni wachache wanaojua kwamba kanuni ile ile ya maumbile inayomwokoa mwenye duka na hasara ndiyo inayotumiwa na madaktari na wanasayansi kuitafuta saratani ndani ya seli za binadamu. Badala ya noti kuna kipande cha nyama kilichokatwa mwilini mwa mgonjwa, au kiungo kilichofunguliwa katika chumba cha upasuaji. Badala ya alama za benki kuu kuna kemikali maalumu ambazo hujibandika kwenye seli mbovu na kuzifanya zing'ae.

Kemikali hizo ndizo tunazoziita katika makala haya viashiria vinavyong'aa. Elimu yake inamhusu mkazi wa Meru na Embu kwa sababu saratani imekuwa msiba wa nyumba nyingi katika kaunti hizo. Kwa makadirio ya shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, IARC, Kenya ilipata wagonjwa wapya wapatao 44,700 mwaka wa 2022, na watu zaidi ya 29,000 walifariki kutokana na maradhi hayo mwaka huo huo. Wengi wa wagonjwa hufika hospitalini ugonjwa ukiwa umeshaenea. Kwa hivyo swali la jinsi ya kuiona saratani mapema, na kuiona yote, ni swali la uhai na kifo.

Mng'ao huu ni nini?

Vitu vingi hurudisha mwangaza jinsi ulivyovipiga. Vichache hufanya jambo la ziada: hupokea mwangaza wa rangi moja na kutoa mwangaza wa rangi nyingine. Tabia hiyo wanasayansi huiita floresensi.

Chanzo chake kimo ndani ya molekuli. Mwangaza unapoigonga molekuli yenye tabia hiyo, elektroni zake hupata nguvu na kupanda daraja. Hazikai huko. Katika muda mfupi mno, ambao ni sehemu ndogo ya sekunde iliyogawanywa mara milioni, hurudi chini na kuachilia nguvu ile kwa njia ya mwangaza. Kwa kuwa sehemu ya nguvu hupotea njiani kama joto, mwangaza unaotoka huwa na nguvu pungufu kuliko ulioingia. Ndiyo maana rangi hubadilika. Floresini, mojawapo ya rangi maarufu zaidi, hupokea mwangaza wa samawati wa nanomita 490 hivi na kutoa wa kijani wa nanomita 515 hivi.

Tofauti hiyo ndiyo siri ya kazi yote. Hadubini ya floresensi huwa na kichujio kinachozuia mwangaza ulioingia na kuruhusu ule uliotoka peke yake. Mtazamaji huona giza tupu, na ndani ya giza hilo vitone vinavyong'aa kama nyota. Hata seli moja mbovu kati ya maelfu haiwezi kujificha kwa urahisi.

Safari ya karne mbili

Aliyeipa tabia hiyo jina ni Mwingereza mwenye asili ya Ireland, George Stokes, mwaka wa 1852. Miongoni mwa vitu alivyovichunguza ni kwinini, dawa ambayo wakazi wa maeneo yenye malaria wanaijua kwa uchungu wake. Maji yenye kwinini yakimulikwa kwa miale ya urujuanimno, ile isiyoonekana kwa jicho, hung'aa kwa rangi ya samawati.

Mwaka wa 1871 mwanakemia Mjerumani Adolf von Baeyer alitengeneza floresini. Ilipofika mwaka wa 1941, Albert Coons wa Chuo Kikuu cha Harvard na wenzake walifaulu kuunganisha rangi ing'aayo na kingamwili, yaani zile protini ambazo mwili huzitumia kuwatambua maadui. Kuanzia hapo rangi haikutapakaa ovyo tena. Ilikuwa imepata kiongozi wa kuipeleka inakotakiwa. Mwaka wa 1948 mpasuaji George Moore wa Chuo Kikuu cha Minnesota, Marekani, alieleza jinsi alivyotumia floresini kutafuta uvimbe katika ubongo.

Hatua nyingine kubwa ilitokana na kiumbe wa baharini. Mwaka wa 1962 Mjapani Osamu Shimomura na wenzake walitenga protini ya kijani ing'aayo kutoka kwa aina ya kiwavi wa bahari anayeitwa Aequorea victoria. Baadaye Martin Chalfie na Roger Tsien waliigeuza protini hiyo kuwa chombo cha kufuatilia yanayotendeka ndani ya seli hai. Watatu hao walitunukiwa Tuzo ya Nobel ya Kemia mwaka wa 2008. Leo watafiti huweza kuitazama seli ya saratani ikigawanyika, ikihama na kuvamia tishu za jirani, bila kuiua kwanza.

Kiashiria huijuaje seli mbovu?

Seli ya saratani ni mtoto wa mwili ule ule, aliyeasi. Kuitofautisha na ndugu zake si kazi rahisi. Wanasayansi wamebuni njia kadhaa.

Njia ya kwanza ni kutia rangi kiini cha seli. Viini vya seli za saratani aghalabu huwa vikubwa, vimesongamana na havina mpangilio. Rangi iitwayo proflavini, ambayo kwa asili ni dawa ya kuulia vijidudu kwenye vidonda, hushika viini hivyo na kuvionyesha waziwazi.

Njia ya pili ni kutumia kiongozi. Seli za aina fulani za saratani huwa na vipokezi vingi kupita kiasi kwenye utando wao. Saratani nyingi za ovari, kwa mfano, huwa na vipokezi vingi vya foleti, ile vitamini ambayo wanawake wajawazito hupewa kliniki. Ukiifunga rangi ing'aayo kwenye foleti, seli hizo huimeza kwa pupa, na kwa pupa hiyo hujianika. Mwaka wa 2011 madaktari wa Groningen, Uholanzi, walitangaza matokeo ya kwanza ya kutumia mbinu hiyo kwa wanawake waliokuwa wakifanyiwa upasuaji.

Njia ya tatu ni ya kiashiria kilicholala. Rangi hufungwa kwa namna ambayo haiwezi kung'aa. Ikifika kwenye uvimbe, vimeng'enya ambavyo saratani huvitumia kujipenyeza katika tishu huikata ile kamba, na taa huwaka. Kundi la Ralph Weissleder wa Boston lilionyesha njia hiyo mwaka wa 1999. Mwaka wa 2011 watafiti wa Japani na Marekani walieleza kiashiria cha kunyunyizia, ambacho katika panya wa maabara kiliziwasha seli za saratani ndani ya dakika moja hivi.

Njia ya nne huitumia saratani yenyewe kutengeneza rangi. Mgonjwa hunywa dawa iitwayo 5-ALA saa chache kabla ya upasuaji. Seli za uvimbe wa ubongo huigeuza kuwa kemikali inayong'aa nyekundu zikimulikwa kwa mwangaza wa samawati, ilhali ubongo wenye afya hubaki bila mng'ao huo.

Katika chumba cha upasuaji

Mpasuaji anayeondoa uvimbe hukabiliwa na mtihani mgumu: aishie wapi? Akikata kidogo, huacha mbegu ya ugonjwa. Akikata kupita kiasi, humlemaza mgonjwa. Kwa miaka mingi ametegemea macho na ncha za vidole vyake.

Utafiti uliofanywa Ujerumani na kuchapishwa mwaka wa 2006 ulionyesha faida ya viashiria. Miongoni mwa wagonjwa wa uvimbe hatari wa ubongo waliopewa 5-ALA, asilimia 65 waliondolewa uvimbe wote ulioonekana katika picha. Kwa waliofanyiwa upasuaji chini ya mwangaza wa kawaida, ni asilimia 36 pekee. Ulaya iliidhinisha dawa hiyo mwaka wa 2007, na Marekani ikafuata mwaka wa 2017.

Tangu hapo orodha imerefuka. Marekani iliidhinisha kiashiria cha saratani ya kibofu cha mkojo mwaka wa 2010, kile cha ovari kinachotumia foleti mwaka wa 2021 na kutumika kwa mapafu mwaka wa 2022, kisha kile cha saratani ya matiti mwaka wa 2024. Hiki cha mwisho humwezesha mpasuaji kumulika shimo lililobaki baada ya uvimbe kuondolewa, ili ajue kama kuna masalia kabla ya kulishona.

Meru na Embu zinasimama wapi?

Msomaji wa Igembe, Tigania, Runyenjes au Siakago anaweza kudhani kwamba haya ni mambo ya ng'ambo. Hakika dawa hizo mpya ni ghali na vifaa vyake ni vichache. Hata hivyo, viashiria vinavyong'aa vimeshaingia katika maabara za nchini kwa mlango mwingine.

Mtu anayeishi na virusi vya Ukimwi na aliyewahi kupimwa kiwango cha seli za CD4 amehudumiwa na teknolojia hii. Mashine nyingi za kuhesabu seli hizo hutumia kingamwili zilizofungwa rangi ing'aayo. Kila seli inapopita mbele ya miale, hung'aa na kuhesabiwa. Mbinu hiyo hiyo hutumiwa katika hospitali kubwa kutambua aina za saratani ya damu.

Katika vita dhidi ya kifua kikuu, makohozi hutiwa rangi iitwayo auramini na kutazamwa kwa hadubini yenye taa za LED, ambayo Shirika la Afya Duniani liliipendekeza mapema katika mwongo wa 2010. Mashine ya GeneXpert nayo, ambayo imesambazwa katika hospitali nyingi za kaunti, hutambua chembechembe za urithi za vijidudu kwa kutumia viashiria vinavyowaka vinapokutana na shabaha yao.

Mashine hiyo ya mwisho ina uhusiano wa karibu na saratani. Ikipewa kifaa cha kipimo kinachofaa, huweza kutambua virusi vya HPV, ambavyo husababisha karibu saratani zote za mlango wa kizazi. Mwaka wa 2021 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza kipimo cha chembechembe za urithi za HPV kiwe njia ya kwanza ya uchunguzi wa mlango wa kizazi. Kenya ilianza kutoa chanjo ya HPV kwa wasichana mwezi Oktoba 2019. Mama aliyepita umri wa chanjo hana budi kutegemea uchunguzi, na hapo ndipo kiashiria kidogo kinachong'aa ndani ya mashine kinapoweza kumwokoa miaka mingi kabla ya uvimbe kuota.

Kwa wagonjwa wa saratani ya matiti, kuna kipimo cha jeni ya HER2. Viashiria vya rangi mbili huingizwa ndani ya kiini cha seli: rangi moja hushika jeni hiyo, nyingine hushika kromosomu inayoibeba. Mtaalamu huhesabu vitone. Vitone vya jeni vikizidi maradufu vile vya kromosomu, mgonjwa huenda akafaidika na dawa maalumu ya trastuzumabu. Kwa hiyo mng'ao huo, mbali na kumwambia daktari kwamba saratani ipo, humwelekeza pia kwenye silaha ya kuipiga.

Pengo lililopo ni la umbali na wataalamu. Hospitali za rufaa za Meru na Embu ni miongoni mwa zile ambazo serikali ilizichagua kutoa tiba ya kemikali karibu na wananchi. Lakini vipimo vya hali ya juu vya patholojia vimekuwa vikifanyika zaidi jijini Nairobi, zaidi ya kilomita 200 kutoka Meru na zaidi ya 120 kutoka Embu. Kila wiki ambayo kipande cha nyama kinasubiri jibu ni wiki ambayo uvimbe haulali. Kununua hadubini bila kumfunza na kumwajiri atakayeitazama ni kununua jembe na kuliacha ukutani.

Sumu inayong'aa ndani ya mahindi

Kuna mfano mwingine wa mng'ao ambao wakulima wa mashariki mwa Kenya hawawezi kuusahau. Mwaka wa 2004 watu 125 walifariki, wengi wao katika wilaya za Makueni na Kitui wakati huo, baada ya kula mahindi yaliyokuwa na aflatoksini, sumu inayotokana na ukungu. Sumu hiyo ni chanzo kilichothibitishwa cha saratani ya ini. Baadaye, utafiti uliochapishwa mwaka wa 2018 ulifanyika katika kaunti za Meru na Tharaka-Nithi ili kuona kama kuwapunguzia watoto sumu hiyo katika chakula kungesaidia ukuaji wao.

Majina ya aina kuu za aflatoksini yametokana na floresensi. Zile za B huitwa hivyo kwa kuwa hung'aa samawati chini ya urujuanimno, na zile za G hung'aa kijani. Herufi hizo ni za kwanza katika majina ya Kiingereza ya rangi hizo. Tabia hiyo imewasaidia wanamaabara kuipima sumu kabla haijafika sufuriani. Lakini mkulima asijaribu kuamua kwa taa ya kukagulia noti kama gunia lake ni salama. Kipimo cha kuaminika ni cha maabara, na kinga ya kwanza ni kukausha mahindi vyema na kuyahifadhi pasipo unyevu.

Umio, na hadubini ya ncha ya uzi

Meru na Embu zimo katika ukanda mrefu wa Afrika Mashariki, unaoanzia Ethiopia hadi Afrika Kusini, ambamo saratani ya umio, ile njia ya kupitishia chakula, hutokea kwa wingi usio wa kawaida. Tumbaku na pombe ni miongoni mwa vyanzo vinavyojulikana. Mwaka wa 2016 IARC ilitangaza kuwa vinywaji vya moto sana, vinavyozidi nyuzijoto 65, huenda vikasababisha ugonjwa huo, jambo ambalo wapenzi wa chai inayotoka jikoni ikichemka wanapaswa kulitafakari.

Ubaya wa saratani hii ni ukimya wake. Mgonjwa huanza kutafuta daktari anaposhindwa kumeza ugali, na wakati huo njia huwa imekwisha kuzibwa. Lakini kabla ya hapo seli huwa zimebadilika kwa muda mrefu. Katika Kaunti ya Bomet, madaktari waliowachunguza watu 305 wasio na dalili yoyote, kwa kutumia endoskopi na rangi ya iodini, walipata mabadiliko ya seli kwa takriban asilimia 14, kwa mujibu wa utafiti uliochapishwa mwaka wa 2016. Iodini si kiashiria kinachong'aa. Hutia rangi tu. Kasoro yake ni kwamba sehemu iliyovimba kwa sababu nyingine nayo huweza kuonekana kama yenye ugonjwa.

Hapo ndipo wahandisi wa Chuo Kikuu cha Rice, Marekani, wakiongozwa na Rebecca Richards-Kortum, walipobuni hadubini nyembamba kama uzi inayopitishwa ndani ya endoskopi. Umio hunyunyiziwa proflavini, ncha ya uzi hugusishwa mahali panaposhukiwa, na viini vya seli huonekana papo hapo kwenye skrini. Majaribio yaliyofanyika China na Marekani yalionyesha kwamba kifaa hicho huweza kupunguza idadi ya vipande vya nyama vinavyokatwa bila sababu. Kwa hospitali iliyo mbali na mtaalamu wa patholojia, chombo cha namna hiyo kina thamani ya pekee.

Mipaka ya mwangaza

Pamoja na sifa hizo zote, mwangaza una mipaka, na msomaji anastahili kuijua ili asilaghaiwe.

Kwanza, mwangaza haupenyi mbali mwilini. Ule unaoonekana kwa jicho huishia milimita chache ndani ya nyama, na hata ule wa karibu na infraredi hufika yapata sentimita moja tu. Kwa sababu hiyo hakuna tochi inayoweza kumulika tumbo kutoka nje na kuonyesha saratani ya ini au ya kongosho. Kwa uvimbe uliojificha ndani, madaktari hutumia picha za CT, MRI au PET. Mtu akikushikisha kifaa mkononi na kudai kuwa mwangaza wake umeona saratani ndani ya mwili, shika pesa zako uende zako.

Pili, si kila king'aacho ni saratani. Tishu zilizovimba kwa jeraha au maambukizi huweza kuwasha kiashiria, na baadhi ya seli za saratani hukataa kung'aa. Neno la mwisho hubaki kwa mtaalamu wa patholojia anayekichunguza kipande chenyewe.

Tatu, kiashiria ni dawa kama dawa nyingine. Aliyekunywa 5-ALA hulazimika kujikinga na mwangaza mkali kwa siku moja au zaidi, kwani ngozi yake huweza kuungua. Rangi nyingine huweza kuleta mzio. Aidha, rangi nyingi hufifia zikimulikwa muda mrefu, na nyingine hutaka kuhifadhiwa katika baridi na umeme usiokatika.

Mgonjwa atarajie nini?

Mkazi wa Meru au Embu hapaswi kusubiri dawa za kung'aa zifike ndipo aende kuchunguzwa. Chakula kinachokwama kooni, uvimbe usiouma katika titi, damu isiyo ya kawaida kwa mwanamke, kidonda kisichopona au kupungua uzani bila sababu ni dalili zinazotaka daktari, tena mapema. Akiambiwa ana uvimbe, aulize kama kipande kitakatwa kuchunguzwa, kitapelekwa maabara gani na jibu litarudi lini. Mwenye saratani ya titi aulize kuhusu kipimo cha HER2. Mwanamke wa miaka 30 na zaidi aulize kuhusu kipimo cha HPV.

Kaunti nazo, pamoja na vyuo vikuu vilivyo karibu kama vile Chuo Kikuu cha Embu, Chuo Kikuu cha Chuka na Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Meru, zina nafasi ya kufunza wataalamu wa hadubini na wa kemia ya rangi hizi. Sheria ya Kuzuia na Kudhibiti Saratani ya mwaka wa 2012 iliweka msingi. Kilichobaki ni fedha na nia.

Mwenye duka wa Makutano hangojei kutapeliwa ndipo anunue taa. Huiweka mezani mapema, na kila noti huimulika kabla ya kuipokea. Afya ya watu ina haki ya kupewa uangalifu usiopungua huo.